Je, Kalipa ya Betri Yasema Kweli?



Vyombo vya kupimia vinavyoonyesha tarakimu kwenye kioo kidogo vimeenea sana siku hizi. Hapa Usangi utaviona dukani kwenye mizani ya sukari, zahanati kwenye kipima joto, na katika karakana za mafundi wetu wa mbao na wa vyuma. Watu wengi huviamini kuliko walivyoviamini vyombo vya zamani, kwa sababu havimlazimu mtu kukodoa macho na kuhesabu vistari. Namba yaja yenyewe, tena ina nukta ndani yake, na mtu akiona nukta hudhani ameona ukweli mtupu.

Nia yangu katika makala hii ni kueleza namba hiyo yafaa kuaminiwa kwa kadiri gani, na impasavyo mwenye karakana ndogo ya nyumbani kufanya ili isimponze. Nitasema hasa juu ya kalipa, maana ndicho chombo nilichokizoea. Baba yangu ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu, kando ya migomba, nami humsaidia nyakati za likizo.

Kwa wale wasioijua, kalipa ni rula ya chuma yenye taya mbili. Taya moja imeshikamana na rula, na ya pili huteleza juu yake. Kitu hubanwa kati ya taya hizo, na upana wake husomwa. Wanafunzi wa fizikia waijua kalipa ya venia, ambayo jina lake latokana na Mfaransa Pierre Vernier, aliyetangaza njia yake ya kusoma vistari mwaka 1631. Kalipa ya betri hufanya kazi ileile, lakini badala ya jicho la mtu kusoma vistari, umeme ndio usomao.

Sasa tuitazame namba yenyewe. Kalipa nyingi za betri huonyesha milimita na sehemu zake mia: 32.00, kisha 32.01, kisha 32.02. Mtu hudhani basi kwamba kalipa yake haikosei hata kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Sivyo. Soma karatasi iliyomo katika kisanduku chake, nawe utakuta maneno mawili tofauti. La kwanza ni hatua ndogo kabisa iwezayo kuonyeshwa, nayo ni 0.01. La pili ni usahihi, nao kwa kalipa nzuri ya urefu wa milimita 150 huwa kama 0.02 au 0.03, zaidi au pungufu. Maana yake ni kwamba kioo kikiandika 32.00, upana wa kweli waweza kuwa 31.98 au 32.02, na kalipa haijavunja ahadi yake. Hayo ni kwa chombo kizima, safi, kilichoshikwa vema. Kikiwa kichafu au kimeshikwa ovyo, ile karatasi haina dhamana tena.

Jambo hili si la darasani tu. Mwaka jana lilikaribia kuwagombanisha majirani wawili, na kuinyima nyumba yetu fedha iliyokuwa ikingojewa kwa sare, madaftari na nauli. Nitalieleza, kwa kuwa lafundisha kuliko maneno yangu.

Kikundi kimoja cha wafugaji nyuki wa tambarare, upande wa Mwanga, kiliagiza mizinga 10 ya kisasa. Mzinga wa namna hii ni sanduku la mbao ambalo juu yake hupangwa vipande vya mbao vilivyogusana kama dari. Vipande hivyo nitaviita viunzi. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kiunzi, na mfugaji huinua kiunzi kimoja kimoja bila kuubomoa mzinga wote. Lakini nyuki wana vipimo vyao wenyewe, nao hawamngojei seremala. Kwa nyuki wetu wa Afrika, kiunzi chapaswa kuwa na upana wa milimita 32. Kikizidi, nyuki huanza kujenga kando ya mstari, kila sega likisogea zaidi kuliko lililopita, mpaka mwisho sega moja lashika viunzi viwili. Hapo faida yote ya mzinga wa kisasa imepotea, maana huwezi kuinua kiunzi kimoja bila kurarua sega na kuua wana.

Kazi ilikuwa kubwa kwa fundi mmoja. Baba alichonga masanduku, na fundi mwingine, jirani yetu, alichonga viunzi 240, yaani 24 kwa kila mzinga. Hesabu ilikuwa rahisi: 24 mara 32 ni milimita 768. Baba akayaachia masanduku nafasi ya milimita 770, ili pawe na ulegevu kidogo. Siku ya kuunganisha, viunzi 23 viliingia, cha 24 kikakataa. Tukajaribu sanduku la pili, nalo vilevile. Wajumbe wa kikundi walikuwapo. Walitazama, wakatikisa vichwa, wakasema hawatatoa fedha mpaka mafundi wapatane nani amekosa.

Jirani alitoa kalipa yake akapima kiunzi: 32.00. Baba akatoa yake akapima kiunzi kilekile: 32.40.

Jirani akasema, "Mzee mwenzangu, kalipa yangu ni mpya, yako imechakaa. Ipi yaelekea kukosea?"

Baba akajibu, "Ndugu yangu, upya si ushahidi, wala ukuukuu si hatia. Hapa pana mashahidi wawili wasiosema neno moja. Tumtafute wa tatu."

Akanituma dukani kwa spea za pikipiki kununua beringi mpya yenye namba 6202. Huenda msomaji akashangaa, beringi ina nini na mizinga? Lakini beringi ni kitu kilichochongwa kwa vipimo vinavyokubaliwa duniani kote. Yenye namba 6202 ina tundu la milimita 15, na upana wake wa nje, toka ukingo hadi ukingo, ni milimita 35. Viwanda huruhusiwa kupunguza upana huo wa nje kwa kiasi kama cha sehemu moja ya mia ya milimita, wala haviruhusiwi kuzidisha. Kwa hiyo beringi mpya ya kiwanda cha kuaminika, inayouzwa kila mahali penye pikipiki, ni kipimo sahihi kuliko kalipa yenyewe.

Kalipa ya Baba ilisoma 35.01. Ya jirani ilisoma 34.60. Tukazifunga taya za kalipa yake bila kitu katikati, na kioo, badala ya kuonyesha sifuri, kikaandika 0.40 yenye alama ya kutoa. Hapo jambo likawa wazi. Siku alipobonyeza kitufe cha sifuri, taya hazikuwa zimekutana kabisa. Palikuwa na kitu katikati, yamkini tone la utomvu wa mbao lililokauka. Baadaye lilibanduka, lakini kalipa ikaendelea kuhesabu kutoka ile sifuri ya uongo. Kalipa nyingi za bei nafuu hazisahau sifuri zilizopewa hata zikizimwa. Basi kila kiunzi alichokikata kwa 32.00 kilikuwa 32.40 kwa kweli, na 0.40 mara 24 ni milimita 9.6. Ndiyo maana kiunzi cha mwisho hakikupata nafasi.

Baba hakucheka wala hakusimanga. Waliweka randa mbili juu ya meza moja, wakafanya kazi siku mbili mpaka viunzi vyote 240 vikarekebishwa. Fedha ikalipwa, na ujirani ukabaki mzima. Tena nataka msomaji aone kwamba jirani yule si fundi mbaya. Mkono wake ulikata sawasawa kabisa. Viunzi vyote vilizidi kwa kiasi kilekile. Kama angekuwa fundi wa ovyo, kimoja kingezidi na kingine kingepungua, na pengine viunzi vyote 24 vingeingia. Kosa la chombo likiingia mikononi mwa fundi hodari hurudiwa kwa uaminifu mara 240.

Maadui wa kalipa ya betri ni wengi, nami nitataja wanne. Wa kwanza ni uchafu katika taya, ambao tumekwisha kuuona.

Wa pili ni unyevu. Chini ya ukanda wa kalipa mna vipande vyembamba vya shaba, na kile kisanduku kitelezacho huhisi badiliko la umeme kinapovipita. Maji au jasho likipenya hapo, hesabu huvurugika na namba huruka. Sisi tuishio chini ya Kindoroko, ambako ukungu huingia hadi chumbani wakati wa masika, twapaswa kuifuta kalipa kwa kitambaa kikavu na kuihifadhi ndani ya kisanduku chake, wala si kuiacha juu ya meza usiku kucha.

Wa tatu ni betri iliyochoka. Katika kalipa nyingi, tarakimu zikianza kupepesa ni dalili ya betri kwisha. Kalipa nyingi huendelea kula betri hata kioo kikiwa kimezimwa, kwa hiyo anayeiacha mwezi mzima na aiangalie kwanza kabla ya kuiamini.

Wa nne ni mkono wa mwenye kupima. Ukiishika kalipa kwa kuinamisha, upana utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ukibana kwa nguvu, hasa kwenye ncha za taya, taya hupinda kidogo na upana huonekana mdogo. Kitu na kibanwe karibu na ukanda, si nchani. Nayo mbao laini hubonyea, kwa hiyo ukiikaza mbao ya paini waweza kupata namba yoyote uipendayo. Pima mara tano, kila mara ukiachia na kubana upya. Namba zikikaribiana, mkono wako umetulia. Zikitawanyika, usilaumu kiwanda.

Wengine watauliza habari za joto. Ni kweli chuma hutanuka, na tangu mwaka 1931 mataifa yamekubaliana kwamba vipimo vya urefu vya viwandani vihesabiwe kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Lakini chuma cha milimita 100 kikipata joto la nyuzi 10 zaidi hurefuka kwa 0.01 tu hivi, yaani hatua moja ya kalipa. Tena kalipa nayo ni chuma, nayo hutanuka pamoja na kile inachokipima. Kwa karakana ya nyumbani, joto si adui mkubwa.

Adui mkubwa ni mbao yenyewe, nasi tulimjua katika mizinga ileile. Ilipelekwa tambarare mwezi wa Juni, viunzi vikiwa vimekaa sawa kabisa. Mwezi wa Oktoba wafugaji wakatuma habari kwamba baadhi ya mizinga ina pengo mwishoni, pana la kuingia kidole, na siafu wamekwisha kulijua. Baba alichukua kalipa yake, akashuka kwa basi kupitia Kikweni mpaka Mwanga, akapima. Viunzi vilikuwa vimesinyaa hadi karibu 31.6.

Nani alikosea hapo? Kalipa haikukosea, wala mkono. Mbao ilikatwa katika unyevu wa milima, ikapelekwa kwenye jua kali. Mbao za aina nyingi husinyaa upande wa upana kwa kadiri ya robo asilimia kila unyevu wake upunguapo kwa asilimia moja. Unyevu ukishuka toka asilimia 17 hadi 12, kiunzi cha milimita 32 hupoteza 0.4. Mara 24 ni milimita 9.6. Wasomaji wakumbuke namba hiyo: ni kosa lilelile la utomvu, ila safari hii limefanywa na jua, na hakuna kalipa iwezayo kulizuia. Baba alitia kipande chembamba cha kuziba pengo katika kila mzinga uliohitaji. Tangu wakati huo mbao za kupeleka tambarare hupangwa darini juu ya jiko mpaka zikauke, ndipo zikatwe.

Basi yafaa nini kumnunulia seremala chombo kinachosoma sehemu za mia, ikiwa mbao yenyewe husogea sehemu arobaini? Yafaa, lakini kwa kazi yake. Anayechonga bushi ya chuma kwa ajili ya mashine ya kukoboa kahawa ahitaji sehemu za mia. Anayechonga kiunzi ahitaji nusu ya milimita, lakini aihitaji ileile kila mara. Ndiyo sababu Baba amekata kiolezo cha bati nene chenye mwanya wa milimita 32. Kiunzi kikipita kwa kugusa kidogo pande zote, ni chema, kikikwama, hurandwa, kikicheza, hutupwa. Kiolezo hakina betri, wala hakina sifuri ya kusahau. Amempa jirani kingine kilichokatwa pamoja nacho.

Tena ipo hila nyingine ya hesabu, nayo yanipendeza sana. Panga viunzi 24 ubavu kwa ubavu, uvipime vyote kwa tepu ya kawaida. Tepu haioni chini ya milimita moja, lakini ile milimita moja imegawanyika kwa 24, kwa hiyo umejua wastani wa kila kiunzi kwa kadiri ya 0.04. Chombo duni kikitumiwa kwa akili hukiumbua chombo ghali kilichotumiwa bila akili. Kama viunzi vya mwaka jana vingepangwa hivyo kabla ya kupelekwa, tepu ingesoma 777 na zaidi badala ya 768, na ugomvi usingekuwapo.

Haya ya kalipa yahusu vyombo vingine pia. Mizani ya betri, kwa mfano, haipimi wingi wa asali. Hupima jinsi dunia inavyoivuta asali hiyo. Mvuto wa dunia kwetu, karibu na Ikweta na juu ya milima, ni mdogo kuliko ule wa Ulaya kwa kadiri ya sehemu tatu katika elfu. Mizani iliyorekebishwa huko, ikiletwa Usangi bila kurekebishwa tena, ingesoma kilo moja kuwa gramu 997 hivi, na muuza asali angepunjwa bila mtu yeyote kumpunja. Mizani ya zamani ya sahani mbili na mawe haina taabu hiyo, kwa kuwa mvuto hupungua pande zote mbili sawasawa. Dawa ya mizani ya betri ni kuirekebisha hapahapa kwa jiwe la uzito unaojulikana. Kwa mizani ya biashara kazi ya ukaguzi ni ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Lakini hakuna mkaguzi atakayepanda kuja kukagua kalipa ya nyuma ya nyumba. Huko mwenyewe ndiye mkaguzi.

Naye mkaguzi hana budi kuwa na kitu cha kukagulia. Mwaka 1896 Msweden Carl Edvard Johansson alibuni seti ya vipande vya chuma vilivyochongwa kwa usahihi wa ajabu ili mafundi walinganishe navyo vyombo vyao, na mpaka leo viwanda hutumia vipande vya namna hiyo. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, lina maabara ya vipimo mjini Dar es Salaam. Juu ya hayo yote iko mita yenyewe, ambayo tangu mwaka 1983 hujulikana kwa mwendo wa nuru: ni urefu ambao nuru huupita katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Ngazi hiyo ndefu, kutoka nuru hadi maabara, kutoka maabara hadi kiwanda, huteremka mpaka kwenye beringi ya pikipiki iliyoviringishwa kitambaa chenye mafuta katika droo ya seremala wa Usangi. Ni jambo la kushangaza, nalo ni la kweli.

Wako wazee wasemao kwamba vyombo hivi vimewafanya vijana kuwa wavivu wa macho. Wana haki kwa sehemu. Wahunzi wa Kishana wa Ugweno, majirani zetu, walikuwa mashuhuri kwa majembe na mikuki, na chuma cha Upare kiliuzwa hata kwa Wachaga, wala hawakuwa na kioo chenye tarakimu. Walikuwa na jicho lililofunzwa na mkono uliozoea. Hata hivyo sidhani kwamba wangeikataa kalipa. Nadhani wangeijaribu kwanza kwa kitu wanachokijua, kama wafanyavyo mafundi wote wa kweli kwa chombo chochote kigeni.

Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wenzangu wenye karakana nyumbani: nunueni beringi mbili zenye namba tofauti, kwa mfano 6202 na 608, ambayo upana wake wa nje ni milimita 22. Mtumie upana wa nje na tundu tu, wala si unene, kwa kuwa unene wake huchongwa kwa uhuru zaidi. Zitoke viwanda viwili, maana za bandia zipo. Kila asubuhi ya kazi futeni taya, zifungeni, muone sifuri, kisha pimeni beringi zote mbili na kuandika namba katika daftari lenye tarehe. Kazi hiyo haizidi dakika mbili. Siku namba itakapobadilika mtaijua siku hiyohiyo, wala si baada ya viunzi 240.

Kwa wazazi wetu naomba jambo moja: kijana akiuliza, "Tumejuaje kwamba kipimo hiki ni sahihi?" msimwone kuwa mjuvi. Na walimu wetu wa fizikia, kama ingewezekana, wangetuachia siku moja kuzileta maabara kalipa za nyumbani kwetu, tuzipime zote kwa beringi moja na kuyaandika majibu ubaoni. Nina hakika hazitasema neno moja. Somo la siku hiyo litakuwa kuzipatanisha.